Kilua na Mkilua: Ua la Uvulini katika Kisiwa cha Pemba

Wageni wanapoandika habari za Pemba huanza na karafuu, wala hatuwalaumu, kwani harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini humpokea msafiri kabla hajamwona mwenyeji. Walakini mkarafuu ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nao uliletwa Unguja karibu na mwaka 1818. Seyyid Said aliueneza, na tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mashamba ya Unguja, Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Historia yake imeandikwa sana, kwa kuwa ndani yake mna fedha, na mna watumwa waliochuma hata ikatoka amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa mbele ya sheria. Sisi twataka kunena juu ya mmea mwingine wenye kunukia, usio wa biashara ya ng'ambo, uliotunzwa na wanawake nyuma ya nyumba zao. Nao ni mkilua.

Mkilua ni kichaka, pengine mti mdogo, na kwa asili hukaa chini ya miti mikubwa ya misitu ya pwani, Kenya na Tanzania. Ni jamaa ya mstafeli na mtopetope, na pia ya mlangilangi, ambao jina lake limetoka mbali, katika lugha ya Ufilipino. Ua lake halina fahari ya rangi. Mtu aweza kupita karibu asilione, illa pua itamwambia.

Tuliangalie neno lenyewe. Maua mengi ya bustani zetu yana majina ya kigeni: asumini, waridi, langilangi, na mti hupewa m- tu mbele ya jina hilo. Lakini kilua lina wingi wake, vilua, sawasawa na kiti na viti. Tena mti haukuitwa "mlua", kama tungalivyotazamia tukikumbuka chungwa na mchungwa, bali ki- ya ua imebaki ndani ya jina la mti. Kwa maoni yetu hii yaonyesha kwamba watu walilijali ua kwanza, na mti ukapata jina kwa ajili ya ua lake.

Wataalamu wa mimea walichelewa kulipa jambo hili haki yake. Mwaka 1970 Bwana Bernard Verdcourt, mtaalamu wa Kew aliyewahi kufanya kazi Nairobi, aliona kwamba mmea huu hauingii katika jenasi yoyote iliyokwisha kuandikwa. Akauundia jenasi mpya, akaiita Mkilua, na mmea wenyewe Mkilua fragrans, yaani mkilua wenye kunukia. Jenasi hiyo ina aina hii moja tu. Basi m- yetu ya miti imeingia katika Kilatini cha wataalamu pamoja na neno zima, wala haikukatwa. Waliolihifadhi neno hilo hawakuwa watu wa vitabu, bali akina mama na mabibi waliokuwa wakitunga vikuba.

Kikuba ni kifurushi kidogo cha maua na majani ya kunukia, kama rehani, asumini na kilua, ambacho mwanamke hukivaa kifuani au nyweleni. Vilua pia hutumika katika harusi. Mwalimu akidhani kwamba kikuba ni upuzi wa kidunia, na akisome kitabu cha Wimbo Ulio Bora, aone jinsi manukato yanavyotajwa humo pasipo haya.

Kuhusu kupanda, kosa la kawaida ni kuutenda mkilua kama mwasumini. Mwasumini hupenda jua ndipo uchanue sana. Mkilua ni mtoto wa msitu, nao hutaka uvuli, unyevu, na majani makavu yaliyoachwa yaoze shinani. Kwa hiyo mahali pake ni chini ya mwembe au mfenesi, au karibu na kisima. Na anayefagia uani mpaka udongo ukawa mweupe huuondolea chakula chake. Uani pakisakafiwa kwa saruji, mkilua haukui tena hapo, na msichana wa nyumba hiyo atalijua neno kilua kwa kusikia tu. Shule nyingi zina miembe, na chini yake hapana kitu ila vumbi. Hapo mikilua miwili au mitatu ingetosha kwa mafunzo ya mimea na ya lugha pia.