Mizuka ya Edith Nesbit Mikononi mwa Wachapishaji Wadogo

Edith Nesbit (1858–1924) amehesabiwa kwa muda mrefu miongoni mwa waandishi wa watoto. Wahakiki wengi waliomtaja walianzia kwenye The Railway Children (1906) na kuishia papo hapo. Hata hivyo, miaka 13 kabla ya riwaya hiyo alikuwa ametoa Grim Tales (1893), mkusanyiko wa hadithi za mizuka. Kitabu hicho kilififia. Hadithi chache tu zilinusurika, zikidondolewa na wahariri na kutiwa katika mikusanyiko ya kutisha, kila moja ikiwa mgeni miongoni mwa kazi za waandishi wengine.

Ugeni huo uliathiri usomaji. Katika "Man-Size in Marble", iliyotokea kwanza mwaka 1887, maharusi wanapanga nyumba ndogo kijijini. Mtumishi wao anamwonya mume kwamba usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, sanamu mbili za marumaru zilizolala kanisani, za makabaila waovu wa kale, huinuka na kurejea kwao, yaani pale pale wanapoishi maharusi. Mume anamficha mkewe onyo hilo asije akaogopa. Usiku wenyewe ukifika, anamwacha peke yake na kwenda kutembea. Baadaye anamkuta amekufa, mkononi ameshika kidole cha marumaru. Ikisomwa pweke, hii ni hadithi ya sanamu zinazotembea, basi.

Mwaka 1988 mhariri Hugh Lamb alizikusanya upya hadithi za Nesbit katika In the Dark, kitabu kilichotolewa na Equation, Uingereza. Mwaka 2000 toleo lililopanuliwa lilichapishwa na Ash-Tree Press, shirika dogo lililoasisiwa mwaka 1994 na Christopher na Barbara Roden, ambalo wakati huo lilikuwa British Columbia, Kanada. Hapo ndipo msomaji alipoweza kuziona hadithi hizi zikiwa ndugu. Katika "John Charrington's Wedding", bwana harusi aliyeapa kuoa awe hai au mfu anatimiza kiapo chake akiwa maiti, na bibi harusi anaangamia. Katika "From the Dead", mume anamnyima mkewe msamaha. Mke anafariki, na anaporudi kuuomba, mume anamwogopa. Ni dhahiri kwamba kitisho kinakaa ndani ya ndoa yenyewe. Mzuka huja kukusanya deni ambalo mume ameliweka kwa kunyamaza, kuapa au kuhukumu. (Msomaji aliyelelewa kwa ngano za pwani, ambamo mwiko uliovunjwa hauachi kudai chake, hatashangaa.)

Maisha ya mwandishi yanavutia tafsiri hii, ingawa yasiibebe peke yake. Nesbit aliilisha nyumba kwa kalamu, huku akilea kama wake watoto ambao mumewe, Hubert Bland, alizaa na Alice Hoatson. Mke wa hadithi ya marumaru naye huuza hadithi magazetini.

Nakala za Ash-Tree zilikuwa mia kadhaa tu, zenye jalada gumu, na nyingi ziliishia katika kabati za wakusanyaji. Kwa mwanafunzi, toleo lililofaa zaidi lilikuwa The Power of Darkness la Wordsworth (2006), lenye jalada la karatasi na bei nafuu.