Nguvu ya mshiko

Mhudumu wa afya wa Gisenyi, Rwanda, akisoma Kifaransa hukuta force de préhension. Akisoma Kiingereza hukuta grip strength. Kwa Kiswahili, lugha iliyozoeleka sokoni na kwenye mpaka wa Goma muda mrefu kabla Rwanda haijaifanya rasmi mwaka 2017, istilahi inayofaa ni nguvu ya mshiko: uwezo wa vidole na kiganja kubana kitu kisiponyoke.

Wapo wanaosema “nguvu ya mkono”. Lakini mkono, kwetu, huanzia begani na kuishia vidoleni. Mvuvi wa samaki wa sambaza wa Ziwa Kivu aweza kuwa na bega imara la kupiga kasia ilhali vidole vyake vimeanza kushindwa kukaza kamba ya wavu. Akiulizwa kama mkono una nguvu, atajibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Akiulizwa kuhusu mshiko, atajibu kuhusu vidole.

Kipimo chake ni dainamomita. Mtu huketi, hukunja kiwiko, hubana kwa nguvu zake zote, na kifaa huonyesha kilo. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 kuhusu udhaifu wa misuli huhesabu kuwa dhaifu mshiko ulio chini ya kilo 27 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke. Viwango hivyo vilitokana na vipimo vya Wazungu. Kwa mtu wa Gisenyi, la maana zaidi ni kama mshiko wake mwenyewe unashuka mwaka hadi mwaka.

Miongoni mwa yanayoushusha ni kisukari, ambacho hudhoofisha mshiko kwa njia tatu. Kwanza, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari kwa msaada wa insulini. Insulini ikipungua au isipofanya kazi vizuri, misuli hukonda. Pili, sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu neva, za kuhisi na za kuendesha misuli ya vidole. Tatu, ngozi na kano za kiganja hukakamaa, vidole visinyooke wala kukunjika sawasawa. Neva zikiharibika huleta ganzi pia, lakini ganzi na mshiko dhaifu visichanganywe: mwenye ganzi hahisi vizuri alichoshika, mwenye mshiko dhaifu hukihisi kikimponyoka.

Mshiko pia hudokeza hali ya misuli ya mwili mzima, ikiwemo ile ya mapaja inayotuinua kitini na kutupandisha vilima vya juu ya ziwa. Utafiti wa nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu watu karibu 140,000, ulionyesha kwamba kila upungufu wa kilo 5 za mshiko uliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa. Mshiko wenyewe hauui. Hufichua udhaifu uliojificha.

Udhaifu huo hutibika kwa kiasi kikubwa. Mazoezi ya kukaza misuli mara mbili au tatu kwa wiki, kama kuinuka kitini na kuketi tena bila kujishika, husaidia. Anayetumia insulini apime sukari kwanza. Pasipo dainamomita, maswali haya yanatosha kuanzia: unakamua nguo mwenyewe? Unafungua kifuniko cha chupa? Unainuka kitini bila msaada? Mwenye kisukari anastahili kuulizwa haya kila anapokuja kupimwa sukari, kabla hajaanza kuanguka.