Fahamu: Dola ya Hispania ilivyoinuka, na mlima wa fedha uliolipia vita vyake

Mwaka 1450 hapakuwa na nchi moja inayoitwa Hispania. Kwenye rasi ile ya kusini-magharibi mwa Ulaya kulikuwa na falme kadhaa: Castile, Aragon, Navarre, Ureno, na Granada iliyotawaliwa na Waislamu. Miaka mia moja baadaye, mfalme wa Hispania alikuwa na ardhi sehemu nyingi za Ulaya na mamilioni ya raia ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Ilikuwaje? Na kwa nini dola iliyopokea fedha nyingi kuliko wenzake ilishindwa kulipa madeni?

Ndoa na mwaka 1492

Mwaka 1469 Isabella wa Castile, mwenye miaka 18, aliolewa na Ferdinand wa Aragon, mwenye miaka 17. Baadaye kila mmoja alirithi kiti cha ufalme wa kwao. Falme hizo hazikuwa nchi moja mara moja. Kila upande ulibaki na sheria zake, baraza lake na sarafu yake. Lakini sasa zilikuwa na familia moja juu, na jeshi lililoweza kwenda pamoja.

Mwaka 1492 ulibeba mambo matatu. Januari, Granada ilisalimu amri. Machi, Wayahudi waliamriwa wabatizwe au wahame. Oktoba, Christopher Columbus, akisafiri kwa idhini ya Isabella na Ferdinand, alifika visiwa vya Karibi akidhani amekaribia Asia.

Mwaka 1494 Hispania na Ureno walipatana kwenye mkataba wa Tordesillas. Walipiga mstari baharini: upande wa magharibi wa Hispania, upande wa mashariki wa Ureno. Wenyeji wa nchi hizo hawakuulizwa. Kwa mgawanyo huo njia ya kuzunguka Afrika ilikuwa ya Ureno, na meli za Ulaya zilizofika Mombasa na Malindi mwaka 1498 zilikuwa za Mreno Vasco da Gama.

Waliwezaje kushinda wakiwa wachache?

Hernán Cortés alifika Mexico mwaka 1519 na askari mia kadhaa tu. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulianguka Agosti 1521. Farasi, chuma na bunduki vilisaidia, lakini havikutosha. Maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala, waliokuwa wamechoshwa na ubabe wa Waazteki, walipigana upande wa Cortés. Juu ya hayo ukaja ugonjwa wa ndui, ambao watu wa Amerika hawakuwa na kinga nao.

Peru ilikuwa hivyo hivyo. Francisco Pizarro alimkamata Atahualpa, mfalme wa Wainka, mwaka 1532 akiwa na watu 168. Wainka walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye vita vya ndugu wawili waliogombea kiti. Atahualpa alijikomboa kwa kujaza chumba dhahabu. Dhahabu ikachukuliwa, naye akauawa mwaka 1533.

Mlima wa Potosí

Mwaka 1545 fedha iligunduliwa kwenye mlima wa Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia, mahali pa baridi kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000. Mji uliokua chini ya mlima ulipata watu zaidi ya 100,000, ukawa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia ya wakati huo.

Nani alichimba? Wainka walikuwa na desturi iitwayo mita, maana yake zamu: kila jamii ilitoa watu kwa kazi za dola. Miaka ya 1570 Francisco de Toledo, aliyetawala Peru kwa niaba ya mfalme, aliigeuza zamu hiyo kuwa kazi ya lazima ya machimboni. Katika wilaya zilizopangiwa, mwanaume mmoja kati ya saba alitakiwa kwenda kila mwaka. Wengine walitembea wiki nyingi na familia zao. Wengi hawakurudi vijijini kwao.

Mawe yalisagwa, kisha yakachanganywa na zebaki ili kunasa fedha. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoisoma makala hii wanaijua zebaki na madhara yake. Ilitoka Huancavelica, mgodi mwingine wa Peru uliofupisha maisha ya watu.

Fungu la mfalme lilikuwa sehemu moja ya tano. Meli zilisafiri kwa misafara yenye ulinzi hadi Seville, ilipokuwa ofisi iliyosimamia biashara yote ya Amerika tangu mwaka 1503.

Fedha ilikwenda wapi?

Katika Kiswahili neno fedha ni madini na pia ni pesa. Wafalme wa Hispania waliona kama hata utajiri ni kitu hicho hicho. Charles V, mjukuu wa Isabella na Ferdinand, alikopa kwa mabenki ya Ujerumani ili achaguliwe kaizari mwaka 1519, kisha akakopa tena kwa vita. Rehani yake ilikuwa fedha ambayo bado iko baharini.

Mwanawe Philip II alisimamisha malipo ya madeni mwaka 1557, 1575 na 1596. Fedha iliposhuka melini Seville, ilikwenda kwa wakopeshaji, kwa mishahara ya askari wa Uholanzi, na kwa bidhaa za nje. Ndani ya nchi bei zilipanda zaidi ya mara tatu katika karne moja, na wakulima wa Castile walibanwa kwa kodi.

Philip alichukua pia kiti cha Ureno mwaka 1580. Hivyo Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa na Wareno chini ya mfalme wa Hispania. Mwaka 1588 alipeleka meli zipatazo 130 kuivamia Uingereza, akashindwa. Ureno ilijitoa mwaka 1640, na mwaka 1648 Hispania ikakubali kwamba Uholanzi ni huru.

Kilichobaki

Neno riale, ambalo watu wa pwani waliliita sarafu ya fedha, asili yake ni real, sarafu ya Hispania. Mlima wa Potosí nao bado upo, umetobolewa kila upande, na wachimbaji wanaendelea kuingia humo. Fedha yake ilizunguka dunia nzima, lakini waliouchimba kwa zamu waliachiwa mashimo, na aliyeimiliki aliachiwa madeni.