Chakula cha bibi kilichowafundisha madaktari

Vijana wenzangu, hapa Kigali mtu akipata pesa kidogo utamwona ananunua chipsi, soseji na fanta. Maharage, sombe na viazi vitamu tunasema ni chakula cha maskini. Leo nawaletea historia ya hicho chakula, maana imeanzia hapa jirani, Kampala.

Mwaka 1946 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifika Uganda. Miaka miwili baadaye akawa Mulago. Alijulikana mwaka 1958 alipoandika juu ya saratani ya taya inayoshika watoto, ambayo mpaka leo ina jina lake. Lakini kuna jambo lingine lililomsumbua. Saratani ya utumbo mpana, ambayo kwao ilikuwa inaua watu wengi, Mulago ilikuwa nadra sana. Akaandikia hospitali nyingi za misheni, nazo zikajibu hivyo hivyo. Mwenzake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda miaka 30, naye alikuwa ameona magonjwa mengi ya Ulaya hayapo kwetu.

Kwa nini? Hapo wakafanya jambo la kuchekesha: walipima choo! Mtu wa kijijini Uganda alikuwa anatoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, Mwingereza karibu 100 tu. Chakula cha mwanakijiji kilipita tumboni kwa siku moja na nusu, cha Mwingereza zaidi ya siku tatu. Mwaka 1971 Burkitt akaandika kwamba siri ni nyuzinyuzi, yale makapi ya maharage, nafaka na mboga ambayo kiwanda kinayatoa ili unga uwe mweupe.

Wengine walimpinga, na walikuwa na hoja. Wakati huo wazee walikuwa wachache, hospitali pia chache, kwa hiyo wagonjwa wengi hawakuhesabiwa.

Jibu zuri zaidi lilikuja mwaka 2015. Watafiti walichukua Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, wakabadilishana vyakula. Wiki mbili tu! Wamarekani walipokula nyuzinyuzi, bakteria wa tumboni wakatengeneza butireti, chakula cha chembe za utumbo, na dalili za hatari ya saratani zikapungua. Kwa Waafrika waliolishwa nyama na mafuta, ikawa kinyume. Mwaka 2025 ukatoka utafiti wa Kilimanjaro, wanaume 77. Waliotoka kwenye chakula cha asili kwenda cha kizungu, miili ilianza kuonyesha uvimbe wa ndani. Huo wenyewe si saratani, lakini ukikaa miaka mingi unaifungulia mlango.

Sasa tusidanganyane: si kila cha zamani ni salama. Mahindi na karanga zisipokaushwa vizuri zinaota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo inaleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Mwaka 2004 huko Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu nyingi yaliua watu 125. Bibi aliyekuwa anachagua punje moja moja kwenye ungo alijua anachofanya.

Tulikimbia tukaacha mashamba, lakini ujuzi wa kupika tulikuja nao kichwani. Tukiuonea aibu, tutaupoteza wenyewe bila kufukuzwa na mtu. Ninyi wa mashirika, mkija kutufundisha lishe, anzeni kwa kuwauliza mama zetu walikuwa wanapika nini.

Na jambo la mwisho: maharage si dawa. Ukiona damu kwenye choo, nenda kituo cha afya, usingoje. Ila ukitoka huko, pitia sokoni ununue sombe.