Ushuru wa soda: ni afya au ni mapato?

1. Kila msimu wa bajeti mjadala huu hurudi. Mmoja anasema tutoze soda ushuru ili watu wapunguze unene. Mwingine anajibu kwamba huo ni wizi wa maskini, kila mtu achunge mdomo wake. Mimi nasomea sayansi ya siasa na kwetu ni Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo. Naona wote wawili wanaruka historia. Twende polepole.

2. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008-09 ulipata asilimia 25 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito au wana unene wa kupindukia. Ule wa 2014 ulipata asilimia 33. Sidhani wanawake wa Kenya wote walikuwa wavivu ghafla. Mchumi huuliza kwanza: ni nini kilikuwa rahisi kupata, na nini kilikuwa ghali?

3. "Lakini Turkana si mna njaa?" Ndiyo. Na ndiyo maana huku unaona wazi jinsi sahani inavyofuata sera. Wazee wetu waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Ukame wa 1979 hadi 1981 ukamaliza mifugo, watu wakaingia kambi za msaada, wakazoea mahindi, maharagwe na mafuta. Hakuna aliyeamka asubuhi akaamua kubadilisha ladha.

4. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992. Kwa miaka mingi mtu alipanga foleni, akala alichopimiwa. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaleta Bamba Chakula: pesa za simu za kununua chakula tu, kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Watu wakaanza kuchagua wenyewe. Lakini unachagua ndani ya bei unayoikuta dukani.

5. Sasa njoo Kapedo. Barabara ya Marigat ikifungwa kwa sababu ya usalama, mboga inaoza kabla ifike na maziwa yanaganda. Soda haina haraka, inangoja lori. Kabla umwambie mama wa huku ale vizuri, mwambie kwanza atanunua wapi.

6. Je, ushuru hufanya kazi? Mexico ilianza Januari 2014, peso 1 kwa lita ya kinywaji chenye sukari. Mwaka huo wa kwanza ununuzi ulishuka kwa wastani wa asilimia 6 hivi, na familia maskini ndizo zilizopunguza zaidi.

7. Uingereza ilifanya tofauti kuanzia Aprili 2018. Kinywaji chenye gramu 8 za sukari au zaidi kwa mililita 100 kinatozwa zaidi, na chini ya gramu 5 hakitozwi. Kampuni nyingi zikapunguza sukari hata kabla sheria ianze. Mnywaji hakuhubiriwa, mtengenezaji ndiye aliyepigwa mfukoni.

8. Na sisi? Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 iliweka soda na maji ya chupa kwenye fungu moja: shilingi 5 kwa lita. Yaani maji na soda sawa! Ushuru kama huo ni wa kujaza hazina. Haujui hata sukari ni nini.

9. Wanaoogopa maskini wataumia wana hoja. Chai ya sukari ndiyo nguvu ya mchungaji hadi jioni. Ukipandisha bei ya sukari ya kilo bila kushusha bei ya kitu kingine, umemnyima tu.

10. Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani na hoja hii, muulize maswali 3. Unatoza lita au unatoza sukari? Pesa zinaenda wapi? Na chakula kizuri kitafikaje Kapedo, kwa bei gani? Akikosa la tatu, hiyo si sera ya afya, ni ushuru tu.