Mablanketi ya viraka yaliyoachwa njiani, na mikono inayoyamaliza

Goma, Kivu Kaskazini. Si ajabu kukuta, katika nyumba za Majengo au Ndosho, na hata katika mizigo ya familia zilizohama, mfuko ambao haufunguliwi. Ndani mna vipande vya vitenge. Vingine vimeshonwa pamoja, vingine vimekatwa tu na kufungwa kwa uzi. Ni blanketi la viraka ambalo mama, shangazi au nyanya alilianza, kisha vita, volkeno au kifo kikaingia kati.

Mfuko wa namna hiyo huleta swali zito. Aliyeanza kazi amekufa, au amebaki upande mwingine wa barabara iliyofungwa. Je, mkono mwingine una ruhusa ya kuimaliza? Wengine huona ni kama kumvua marehemu nguo yake. Wengine huogopa kuharibu, basi wanauacha mfuko mpaka panya na unyevu wanaumaliza wao. Historia ya nguo za Congo ina jibu kwa hofu hiyo.

Jibu la zamani zaidi linatoka mbali na Goma, huko Kasai, katika ufalme wa Wakuba. Huko wanaume ndio wanaosuka kitambaa kwa nyuzi za majani ya rafia. Urefu wa jani ndio unaoweka mpaka wa kitambaa, kwa hiyo kipande kimoja ni kidogo, na nguo kubwa ni lazima iunganishwe kwa vipande. Kitambaa kikitoka kwenye mtambo ni kigumu. Wanawake hukitwanga kwenye kinu ili kilainike, na kutwanga huko hukitoboa. Tundu linazibwa kwa kiraka. Watafiti waliochunguza nguo hizo wanaeleza kwamba huenda mapambo yake yalianzia hapo: kiraka cha kuziba tundu kikaongezewa vingine mahali pasipo na tundu, ili vyote vionekane vimewekwa kwa makusudi. Kilichoanza kama kuficha kasoro kikawa uzuri wa nguo.

Nguo ya sherehe ya mwanamke wa Kikuba huweza kupita mita sita, ikizungushwa kiunoni mara nyingi. Kazi hiyo huchukua miezi, hata miaka, na haifanywi na mtu mmoja. Wanawake wa ukoo mmoja wanagawana vipande, mwenye ujuzi na anayejifunza, kisha vinaunganishwa. Ukitazama vizuri unaona kwamba mshono wa huku haufanani na wa kule. Nguo ikiisha inahesabiwa kuwa mali ya ukoo, na inatunzwa hasa kwa ajili ya msiba, maana marehemu huvishwa nguo ya rafia anapozikwa. Mwaka 1908 Emil Torday, msafiri kutoka Hungaria, alifika katika ufalme huo, na vitu vingi alivyokusanya vikapelekwa British Museum, London. Watu wa Ulaya walistaajabia michoro. Wenyewe Wakuba walijua jambo lingine: kwamba nguo ile ilipita katika mikono mingi, na kwamba aliyefunga uzi wa mwisho hakumnyang'anya kitu aliyeweka uzi wa kwanza.

Huku mashariki, kushona kwa sindano na uzi wa pamba kulienea kwa njia nyingine. Wakati wa Wabelgiji, misioni na nyumba za mafunzo zilizoitwa foyer social ziliwafundisha wanawake wa mijini kushona, kurekebisha nguo zilizochanika, kupiga pasi na kulea watoto wachanga. Foyer ya Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, ilifanya kazi tangu 1946 hadi 1960. Nia ya wakoloni ilikuwa kumtengeneza mke wa nyumbani kwa mfano wao. Lakini ujuzi ukishaingia mkononi hauulizi ulitoka kwa nani. Nguo za pamba zilikuwa zinatengenezwa hapa hapa, kwa mfano katika kiwanda cha Filtisaf huko Albertville, yaani Kalemie ya leo. Vitenge vilipozidi sokoni, kila fundi wa nguo akawa na rundo la mabaki chini ya mashini yake. Kwa mama mwenye watoto, mabaki hayo ni blanketi. Goma iko kwenye urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari, na usiku wake una baridi, zaidi kwa anayelala juu ya mawe ya volkeno.

Tatizo la blanketi la viraka ni kwamba linadai muda, na Goma haijapewa muda. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia mjini kwa siku chache. Mwaka 1996 vita vikaanza, na 1998 vikaanza tena. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani Kivu, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku tano baadaye mitaa mingi iliamriwa kuhama. Wengine walielekea Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi au Bukavu. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia Goma, na katika wiki zilizofuata kambi za kandokando ya mji zikavunjwa. Kila mara mtu anakimbia na mtoto, sufuria, godoro na karatasi zake. Kazi ya mkono inabaki ilipofikia. Anayetaka kujua kwa nini mfuko ule haukumalizika, asimtafute mvivu. Atazame tarehe.

Kivu pia imeshaona kazi ikimalizwa na mikono ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanawake wa eneo la Fizi, Kivu Kusini, walionusurika ukatili wa vita, walitengeneza vipande vya kitambaa vyenye picha za maisha yao. Vipande vilisafirishwa hadi Marekani, ambako washonaji wengine waliviunganisha kuwa blanketi lililopewa jina la Ahadi. Wale wa Fizi na wale wa Marekani hawakukaa meza moja. Hata hivyo picha zilibaki za wenyewe, na mshono wa kuunganisha ulizibeba tu.

Hilo ndilo linalomsaidia anayefungua mfuko leo. Kwanza, asifumue alichoshona mwenzake, hata kama mstari umepinda. Afumue tu pale uzi ulipooza. Vipande vipya avifue kabla ya kushona, kwa sababu kitenge kipya hujikunja majini na kinaweza kuvuta cha zamani hadi kichanike. Kipande kilichochoka kinashonewa kitambaa chepesi kwa nyuma. Kama hakuna pamba ya kujaza katikati, blanketi kuukuu linatosha, na kitenge kizima kinakuwa upande wa chini. Kama hakuna mashini, tabaka zote tatu zinafungwa kwa vifundo vya uzi mnene, kila baada ya upana wa kiganja. Kazi ya vifundo haihitaji umeme wala meza. Inawezekana hata kwa familia iliyohifadhiwa katika chumba kimoja.

Na kuna kazi moja isiyohitaji sindano: kuuliza. Kipande hiki kilitoka kwenye nguo ya nani? Kile cha kijani kilinunuliwa wapi, Masisi, Kitshanga au Rutshuru? Mama anayejua majibu anazeeka, na watoto waliozaliwa katika uhamisho hawajawahi kuona kijiji ambako nguo ile ilivaliwa. Blanketi likimalizwa bila maswali, watapata joto tu. Likimalizwa pamoja na mwenye kukumbuka, watapata pia majina ya watu na ya vilima, hata kama shamba bado halifikiki.

Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Wakuba waliliweka neno hilo katika nguo. Kwa familia yenye mfuko uliofungwa tangu 2002 au tangu mwaka jana, ruhusa ilishatolewa zamani. Kinachotakiwa sasa ni kuufungua huku aliyeuanza, au anayemkumbuka, angali anaweza kuonyesha kwa kidole na kusema: hiki kilikuwa cha fulani.