Uonjaji wa bia nyeusi

Uonjaji wa bia nyeusi ni kazi ya kupima ubora wa bia za aina ya porta na stauti kwa macho, pua na ulimi.

Porta ilianza kupikwa mjini London, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 18, ikapata jina lake kutokana na wachukuzi wa mizigo walioipenda. Porta iliyokuwa kali zaidi iliitwa stauti. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipewa hataza ya mtambo wa kukaanga kimea cha shayiri hadi kiwe cheusi. Tangu hapo kiasi kidogo cha kimea hicho kilitosha kuipa bia rangi nyeusi na ladha inayofanana na kahawa.

Kwa hiyo weusi wa bia si kipimo cha ukali wake. Guinness ya pipa huwa na alkoholi ya asilimia 4.2 hivi, yaani chini ya bia nyingi za rangi ya dhahabu.

Katika utaratibu wa Beer Judge Certification Program, ulioanzishwa Marekani mwaka 1985, bia hupewa alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5 na tathmini ya jumla 10. Mwonjaji hunusa kwanza, kwa kuwa harufu hupotea upesi. Bia haipaswi kuwa baridi sana, maana baridi huficha ladha. Uchungu wa kimea kilichokaangwa ni sifa. Ladha ya majivu au ya siagi iliyozidi ni kasoro.